Saa Iliyobaki Macho

Umeme ulikatika saa nane mchana, wateja watatu wakiwa wameketi kwenye benchi. Shangazi alifunga kifuniko cha laptopu kama alivyozoea, na taa yake ndogo ikaanza kupepesa polepole: mashine imelala. Mmoja wa wale wateja, mwanafunzi aliyekuja kuchapisha kazi yake, alisema hawezi kungoja. Shangazi akaichomoa kadi yake ya kumbukumbu ubavuni mwa laptopu, akamrudishia, kijana akashika njia. Umeme ulirudi saa kumi na moja jioni. Shangazi akafunua kifuniko. Feni ikavuma, taa ya kuwashia ikawaka, kioo kikabaki cheusi tii.

Ilikuwa mwaka 2011 pale Bwiza, miaka miwili kabla soko kuu la Bujumbura halijaungua, katika kijiduka cha kuchapa barua na kutoa fotokopi, biashara ambayo mabango ya mjini kwetu huiita secrétariat public. Barua za kuomba kazi, mikataba ya nyumba, mitihani ya shule za jirani, vyote vilipitia kwenye laptopu ile moja. Betri yake ilikuwa imezeeka. Ikiwa macho ilidumu dakika ishirini tu bila umeme. Ikilala, ilivumilia saa nyingi. Kwa hiyo kulala kwa mashine, kwa shangazi, hakukuwa anasa. Ndiko kulikoibeba kazi ya wateja kutoka kukatika kwa umeme hadi kurudi kwake.

Hii ilikuwa mara ya nne katika mwezi mmoja mashine kukataa kuamka. Dawa ilikuwa ileile kila mara: kushikilia kitufe cha kuwashia mpaka izimike kabisa, kuiwasha upya, kisha kuandika tena kila kilichopotea. Kilichomchosha zaidi ni kwamba tatizo halikuwa na ratiba. Siku nyingine mashine ililala na kuamka mara tano bila neno, siku nyingine ikalala mara moja ikawa ndiyo basi. Mafundi wawili wa upande wa Jabe walikuwa wameshatoa hukumu: ubao mama umechoka. Mmoja alitaja bei ya ubao mwingine, na bei hiyo haikuwa mbali na ile ya laptopu yenyewe, ambayo ilikuja mtumba kutoka Ulaya.

Makala hii inatokana na fundi wa tatu.

Hakutoa bisibisi. Alivuta kiti, akabonyeza kitufe cha Caps Lock. Kitaa cha kijani kikawaka. Akabonyeza tena, kikazimika. Kioo bado kilikuwa cheusi.

“Mama, hii haijafa,” akamwambia shangazi. “Imekwama.”

Tofauti ya maneno hayo mawili ni kubwa kuliko inavyosikika. Kitaa cha Caps Lock hakikuunganishwa moja kwa moja na kitufe chake, kama taa ya chumbani na swichi ya ukutani. Ukibonyeza, kibodi inapeleka habari kwenye kiini cha mfumo endeshi, kile ambacho wataalamu hukiita kerneli, na kerneli ndiyo inayotuma amri ya kurudi: washa kitaa. Kikiwaka, ina maana prosesa inafanya kazi, kumbukumbu haijapotea, na kerneli inasikia na kujibu. Mashine yenye ubao uliokufa haiwezi kufanya hivyo. Kwa kubonyeza mara mbili tu, fundi alikuwa ameufutia mashtaka ubao mama.

Lakini kama kerneli ilikuwa hai, ilikuwa inafanya nini gizani?

Kulala kwa kompyuta hakufanani na kuzimika. Katika usingizi huu karibu kila kitu kinanyimwa umeme: prosesa, kioo, diski, feni. Kinachobaki kulishwa ni kumbukumbu, kwa sababu kumbukumbu ya kompyuta ni sahaulifu mno. Kila herufi ya barua ya mteja imehifadhiwa humo kama chaji ndogo za umeme zinazovuja bila kukoma, na chipu hulazimika kuzijaza upya kila milisekunde 64 ili zisipotee. Mashine ikilala, chipu zenyewe zinaendelea na kazi hiyo ya kujijaza kwa umeme kidogo sana. Ndiyo maana betri iliyochoka ya shangazi iliweza kufika jioni.

Kabla ya kufika hapo kuna kazi nyingi. Kerneli inaanza kwa kuzigandisha programu zote, ili isiwepo inayoandika chochote wakati mambo yanafungwa. Inazipa sekunde 20. Ikiwepo inayokaidi, usingizi unaghairiwa. Halafu inavigeukia vifaa, kimoja baada ya kingine, watoto kabla ya wazazi: flashi kwanza, kisha njia ya USB inayoibeba. Kila kifaa kina kiendeshi chake, yaani kipande cha programu kinachojua lugha ya kifaa hicho, na kila kiendeshi kinatakiwa kukumbuka hali ya kifaa, kukizima kwa adabu, na kuwa tayari kukirudisha vilevile kilivyokuwa. Baada ya vifaa zinazimwa prosesa zote isipokuwa moja. Hiyo moja inaikabidhi mashine kwa BIOS, programu iliyochomwa kwenye ubao tangu kiwandani, na giza linaingia.

Makabidhiano hayo yana mkataba wake, uitwao ACPI, uliotolewa Desemba 1996 na Intel, Microsoft na Toshiba. Usingizi wa laptopu ya shangazi unaitwa humo S3. Mkataba ni mzuri, ila watengenezaji wengi wa laptopu waliijaribu BIOS yao na Windows tu, basi. Ndani ya BIOS nyingi mna swali linaloulizwa kimyakimya: mfumo unaoniendesha ni Windows? Linux, mfumo endeshi uliokuwa kwenye laptopu ya shangazi, hujibu ndiyo. Ikijibu vingine, inapelekwa kwenye njia ambazo huenda hakuna aliyewahi kuzipita.

Kuamka ndiko kugumu zaidi. Prosesa ya kisasa inapoamka kutoka S3 haijui kwamba ni ya kisasa. Inaanza katika hali ya 8086, chipu ya Intel ya mwaka 1978, ikiona megabaiti 1 tu ya kumbukumbu hata kama mashine ina maelfu yake. Kutoka shimo hilo kerneli inapanda ngazi: inarudisha hali kamili ya prosesa, inaamsha prosesa nyingine, kisha vifaa kwa mpangilio wa kinyume, wazazi kabla ya watoto, na mwisho kabisa inaziyeyusha programu ilizozigandisha. Yote haya hutokea upesi kiasi kwamba mtumiaji huona kifuniko kikifunguka na barua yake ikiwa palepale. Laptopu ikiwa na mamia ya vifaa vikubwa na vidogo ndani yake, inatosha kimoja kukosea hatua, na safari nzima inaishia njiani.

Programu ya kawaida ikikwama, mtaalamu anasoma kumbukumbu za matukio zilizoandikwa kwenye diski. Hapa diski yenyewe bado imelala. Kioo kimelala. Mtandao umelala. Zamani kompyuta zilikuwa na tundu la siriali ambalo kerneli iliweza kulitumia kunong’ona maneno machache kwa mashine ya pili, lakini laptopu ziliacha kuwekewa tundu hilo. Kilichotokea kimo ndani ya kumbukumbu, na ukishikilia kitufe kuizima mashine ili uiwashe upya, kumbukumbu inafutika. Kuna shahidi aliyeona kila kitu, na huwezi kumhoji mpaka kwanza umuue.

Waandishi wa kerneli walihangaika na jambo hili kwa miaka. Pavel Machek wa Ucheki na Rafael Wysocki wa Poland ni miongoni mwa waliojitolea sehemu kubwa ya maisha yao ya kazi kwa usingizi wa Linux. Kuna wakati walifikia kumpa mtumiaji chaguo la kuifanya mashine ipige mlio inapoamka, basi tu ajue kerneli imefika mlangoni. Ukisikia mlio, tatizo liko mbele, kwenye vifaa. Usiposikia, BIOS haikuirudisha mashine kabisa. Ni habari moja tu, ndiyo au hapana, lakini kwa mtu aliye gizani habari moja si haba.

Mwaka 2006 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliandika kipande cha programu ambacho mpaka leo naona ni miongoni mwa kazi zake nzuri zaidi, ingawa ni kifupi na wachache wanakijua. Alijiuliza: katika mashine iliyokwama hivi, ni kitu gani kinabaki macho na kitaendelea kukumbuka hata baada ya kuzimwa kwa nguvu?

Kinabaki kimoja. Saa.

Kila kompyuta ya aina hii, tangu IBM PC AT ya mwaka 1984, ina chipu ndogo ya saa inayohesabu mitetemo ya jiwe linalotetema mara 32,768 kwa sekunde. Kwa kawaida ina kibetri chake cha duara kama sarafu, na haijali kama mashine imewashwa, imelala au imezimwa. Ndiyo inayoiambia laptopu leo ni tarehe ngapi unapoiwasha asubuhi. Na kama ilivyo kwa saa yoyote, unaweza kuisogeza mbele au nyuma utakavyo.

Torvalds aliamua kuandika ushahidi ndani ya tarehe. Hesabu yake inastahili kutazamwa kwa utulivu. Saa ina nafasi ya miaka 100, miezi 12, siku 28, na saa 24. Siku ni 28 kwa sababu tarehe 29, 30 na 31 hazipo katika kila mwezi. Dakika alizigawa katika vipindi 20 vya dakika tatu tatu. Zidisha vyote: 16,128,000. Hiyo ndiyo idadi ya tarehe tofauti anazoweza kuandika, na kila moja inaweza kubeba ujumbe. Ujumbe wenyewe alioupanga una sehemu tatu: namba moja kati ya 16 ya matumizi ya ziada, moja kati ya 997 inayoonyesha mahali ndani ya programu ya kerneli, na moja kati ya 1,009 inayoonyesha kifaa. Zidisha tena: 16,095,568. Inatosha, na hakuna nafasi kubwa inayobaki bure.

Kwa nini dakika tatu tatu? Kwa sababu saa haiachi kutembea. Ukishaona mashine imekwama inakubidi uizime na kuiwasha upya, na muda wote huo ushahidi unasogea. Ndani ya dakika tatu bado unasomeka. Ukichelewa zaidi ya hapo, tarehe inaingia kwenye kipindi kinachofuata na ushahidi unageuka kuwa uongo. Mtu aliyepanga jambo hilo alikuwa amewahi kukaa mbele ya mashine nyeusi, akajua mkono wa mtafutaji unachukua muda gani.

Basi unaandika namba 1 kwenye faili liitwalo /sys/power/pm_trace, unailaza mashine, unaiamsha. Kabla ya kugusa kila kifaa, kerneli inaisogeza saa: nimefika hapa, sasa naamsha hiki. Kifaa kikiamka salama inaisogeza tena. Ikikwama, saa inabaki na alama ya mwisho, kama kidole cha aliyezimia kikiwa bado juu ya mstari aliokuwa anausoma. Unapowasha upya, kerneli mpya inasoma saa, inaifumbua tarehe, na kuandika jina la kifaa ambacho hesabu yake inalingana. Gharama yake ni kwamba tarehe ya mashine inakuwa ya ovyo kabisa, mahali popote kati ya 1970 na 2069.

Laptopu ya shangazi ilikuwa inaendeshwa na Ubuntu 10.04, toleo la Linux la Aprili 2010, lililowekwa kwa CD. Mwenye Kirundi akilisikia jina Ubuntu anasikia utu, na papo hapo anasikia ku buntu, yaani bure. Naamini hakuna mahali jina hilo lilikaa vizuri kama kwetu. Fundi aliizima mashine na kuiwasha upya, akaandaa ule mtego wa saa, akailaza, akafunua kifuniko. Ikaamka. Akarudia. Ikaamka. Mara sita iliamka salama, na saa ya ukutani ilikuwa inasogea kuelekea muda wa kufunga.

Hapo ndipo aliponifundisha jambo ambalo halimo katika programu yoyote. Aliiacha laptopu akamgeukia shangazi.

“Mama, nisimulie siku ya leo ilivyokuwa. Kuanzia umeme kukatika hadi kurudi. Usiruke kitu.”

Shangazi akasimulia. Wateja watatu. Kifuniko. Yule mwanafunzi mwenye haraka. Alipofika kwenye kadi, fundi alinyanyua mkono.

“Uliichomoa imelala?”

“Ndiyo. Si ilikuwa imelala?”

Akatoa kadi kwenye simu yake mwenyewe, akaichomeka ubavuni mwa laptopu, akailaza mashine, akachomoa kadi, akafunua kifuniko. Feni ikavuma. Kioo cheusi. Sijawahi kuona mtu akifurahia kioo cheusi kiasi kile. Alitazama saa yake ya mkononi, akashikilia kitufe mpaka mashine ikazimika, akaiwasha. Ilipomaliza kuwaka, tarehe kwenye kona ya kioo ilikuwa ya mwaka ambao hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameufikia. Akafungua maandishi ya kerneli, akashuka nayo taratibu kwa kidole. Vifaa viwili vilikuwa vimelingana na ile hesabu. Kimoja hakikuwa na uhusiano wowote na kadi, na ndivyo inavyotokea: vifaa ni vingi, vyumba ni 1,009, kwa hiyo mara nyingine wawili hukutwa chumba kimoja. Cha pili kilikuwa tundu la kadi.

Hebu sasa tuingie ndani ya giza lile tuone kilichokuwa kinaendelea. Kadi ikiwa ndani ya tundu, kerneli inaihesabu kama diski ndogo. Mashine inalala, kadi inachomolewa. Mashine inapoamka, kiendeshi cha tundu kinachungulia, kinakuta patupu. Kinafanya jambo la busara kabisa: kinaanza kuifuta ile diski katika daftari la kerneli. Na sheria ya nyumba inasema kwamba kabla ya kufuta diski yoyote, maandishi yake ambayo hayajafika mahali pake lazima kwanza yashughulikiwe. Kazi hiyo ni ya mhudumu mwingine ndani ya kerneli. Kiendeshi kikamwita, kikasimama kumngoja.

Mhudumu yule alikuwa amegandishwa. Aligandishwa pamoja na wengine mashine ilipokuwa inalala, na angeyeyushwa tu baada ya vifaa vyote kuamka. Vifaa vyote visingeweza kuamka mpaka tundu la kadi limalize. Tundu la kadi lisingemaliza mpaka mhudumu ajibu. Kila mmoja alimsubiri mwenzake, na wangesubiriana mpaka betri iishe. Kibodi ilikuwa imeshaamshwa, na haikuwa na haja ya mhudumu yule, ndiyo maana kitaa cha Caps Lock kiliendelea kutii. Hakuna aliyevunjika. Hakuna hata aliyekosea peke yake: kufuta diski iliyotoka ni sahihi, kushughulikia maandishi kwanza ni sahihi, kugandisha wahudumu wakati wa kulala ni sahihi. Kosa lilikuwa katika kukutana kwa mambo matatu yaliyo sahihi, na vile visa ambavyo shangazi aliviona havina ratiba vilikuwa na ratiba tangu mwanzo, ratiba ya wateja wenye haraka.

Nilipokuja kulisoma jambo hili miaka ya baadaye niligundua kwamba ugonjwa ule ulikuwa umeshajulikana na kutibiwa. Marekebisho yake yaliingia kwenye kerneli mwaka 2010, miezi michache tu baada ya CD ile kutoka, na yaliwahusu hasa watu wanaoingiza au kuchomoa kadi mashine ikiwa inalala au inaamka. Tiba yenyewe ni ya akili na si ya nguvu. Walihamisha wakati wa kufanya kazi ile. Kerneli iliyorekebishwa iliyamaliza mambo ya kadi mapema, kabla haijamgandisha yeyote, wakati kila anayeitwa bado anaitika. Kisha ililikataza tundu lisichungulie tena mpaka wote wawe wameyeyushwa. Aliyesubiri hakuwepo, kwa hiyo mviringo haukufunga.

Tiba ilikuwa duniani, Bwiza haikuwa imefika. Laptopu ya shangazi haikuwa na intaneti, na kupakua kerneli nzima kwenye mgahawa wa intaneti wa wakati ule, kwa malipo ya dakika, kungekula mapato ya siku nzima. Fundi alifanya alichoweza: mstari mmoja katika faili la mipangilio, unaoamuru kiendeshi cha tundu la kadi kiondolewe kabla ya mashine kulala na kirudishwe baada ya kuamka. Kiendeshi kisichokuwepo hakiwezi kumsubiri mtu. Alirekebisha tarehe kwa mkono akifuata saa yake, akachukua malipo ya kazi ya jioni moja. Laptopu ile haikukwama tena katika kuamka hadi siku shangazi alipoiuza.

Si kila kesi inakubali kutoa siri kwa njia ya saa. Kuna njia nyingine mbili ambazo fundi yeyote wa Linux anafaa kuzijua. Ya kwanza ni kulala kwa majaribio: kerneli inaweza kuamriwa kwenda nusu ya njia tu, kugandisha programu, kungoja sekunde 5, kurudi, ikifaulu, iende mpaka vifaa, irudi, kisha mpaka prosesa, irudi. Hatua inayokwama inajitaja yenyewe, wala hujaizima mashine kabisa. Ya pili ni kwa pale ambapo toleo la zamani liliamka vizuri na jipya linakwama. Kati ya matoleo mawili ya kerneli huwa kuna mabadiliko zaidi ya 10,000, na hakuna anayeweza kuyasoma yote. Lakini ukijaribu lililo katikati kabisa, ukajua kosa liko nusu ipi, ukaikata nusu hiyo tena, majaribio 14 yanatosha kulimaliza rundo la mabadiliko 16,000. Kwenye laptopu ya mtumba kila jaribio lina maana ya kuijenga kerneli upya, kazi ya saa kadhaa, huku ukiomba umeme usikatike. Nimewahi kuifanya. Ilinichukua wiki mbili, na sijutii.

Siku hizi mashine nyingi zaidi zinazolala Bwiza ziko mifukoni. Simu za Android zinaendeshwa na kerneli hiyohiyo ya Linux, na kila unapozima kioo simu inatafuta nafasi ya kulala, kisha inaamshwa na ujumbe, na simu inayoita, na kengele ya asubuhi, kutwa nzima. Simu isiyolala sawasawa inamaliza chaji kabla ya adhuhuri. Isiyoamka sawasawa ndiyo ile ambayo mwenyewe analalamika kwamba aliikuta imezima ingawa ilikuwa na chaji. Kutokana na mahitaji ya simu, kerneli ilipewa mlinzi wa muda: kifaa kikizidisha muda kiliopewa katika kulala au kuamka, mlinzi anaiangusha mashine makusudi na kulitaja jina la mkosaji, badala ya kuiacha isimame milele na siri yake. Na laptopu nyingi mpya hazina tena S3. Zinalala usingizi mwepesi kama wa simu, ambao una magonjwa yake mengine, lile la kuikuta mashine ina joto kali ndani ya begi likiwa mojawapo.

Ninachokiona mimi ni kwamba makosa ya aina hii yanajitokeza zaidi kwetu kuliko kwa wanaoyatibu. Mwandishi wa kerneli aliye Warsaw au Portland hakatiwi umeme mara tatu kwa wiki, wala hana mteja anayedai kadi yake huku mashine imelala. Laptopu ya Bwiza inalazwa na kuamshwa katika hali ambazo maabara haizifikirii, na mwenye ushahidi ni yule aliyekuwepo. Shangazi ndiye aliyelitatua fumbo lile, pale alipoitaja kadi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mashine yako ikikataa kuamka, usikubali kulipia ubao mama siku hiyohiyo. Bonyeza Caps Lock na utazame kitaa. Kisha chukua kalamu uandike saa ngapi ililala, ilikuwa imechomekwa nini, na kitu gani kilichomolewa kabla hujafunua kifuniko. Mpelekee fundi karatasi hiyo pamoja na laptopu.